Simu Iliyorudi Kiwandani

Vijana wangu, vueni kava kwanza. Simu ikiwekwa mezani kwenu, hata kama mwenyewe analia, hata kama anawaharakisha kwa sababu boda inamngoja nje, vueni kava mtazame vitufe vya ubavuni, ndipo muulizane ina nini. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu nawajua. Mkiona kioo kimejaa Kichina, mkono unakwenda wenyewe kwenye waya wa kompyuta, na mwenye simu hajamaliza hata kusalimia.

Mmeniomba niandike kuhusu simu zinazoingia kwenye majaribio zenyewe, maana mnasema zimezidi, na mmoja wenu juzi amefuta picha zote za mteja akidhani anaiponya simu. Simtaji. Anajijua, na chai niliyompa hapa kwangu Kibuli ilimpoa mkononi wakati akinisimulia. Kazi yenyewe mimi nimeiacha. Macho yamegoma, na nikiangusha skrubu moja ya simu za siku hizi nabaki kuilaumu sakafu. Lakini meza yangu pale mjini naikumbuka kila asubuhi, na sioni haya kusema kwamba ninaililia.

Nilikuja Kampala kutoka Busia, upande wa Kenya, nikiwa msichana wa kuuza redio ndogo za mkononi. Redio ziliharibika, wateja wakanijia juu, nikatafuta mtu wa kuzitengeneza. Ndivyo nilivyompata Papa Dunia, Mkongo wa Uvira, mwenye meza ya ufundi karibu na ngazi katika jengo moja la maduka. Nilimpelekea redio mbovu, nikabaki pale kumtazama, na kusema kweli sikuondoka tena. Simu zilipoingia mjini tukaziacha redio, yeye mbele mimi nyuma.

Papa Dunia alivaa tai kila siku ya Mungu, na juu ya tai aproni ya turubai iliyotobolewa na cheche za kulehemu. Mteja akiketi, alikuwa na swali lake moja kabla ya yote: "Hii simu inalalaka wapi?" Wengi hawakumwelewa. Kuna mama mmoja alisimama akafoka kwamba yeye ni mke wa mtu na anapolala hapamhusu fundi. Ilibidi niingilie kati, nimweleze kwamba anayeulizwa ni simu. Akacheka hadi akaketi tena, kisha akatuonyesha sidiria. Simu ilikuwa inakaa humo mchana kutwa, na jasho lilikuwa limeshaotesha kutu chini ya vitufe.

Msicheke sana, kwa sababu swali hilo limeniponyea simu nyingi kuliko mashine yoyote. Simu ya mama wa Ggaba anayeuza samaki tuliifungua tukakuta gamba la sangara chini ya namba tano, na yeye alikuwa anashangaa kwa nini hawezi kumpigia mtu yeyote mwenye tano. Simu inayofungwa kwenye fundo la kitenge hupasuka kioo pembeni. Ya mwoka mikate huziba spika kwa unga. Kila mmoja ana mahali pake pa kuiweka, na mahali hapo ndipo panapoiharibu.

Ah, simu za wakati ule. Ulifungua kwa ukucha. Tulikuwa tunazivua vitufe, tunaviosha kwa spiriti na mswaki, tunavianika juu ya gazeti dirishani, namba za simu za watu kumi zikiota jua pamoja, na ole wako upepo uje. Jengo zima lilinuka spiriti na moshi wa kulehemu. Siku hizi naambiwa mnazipasha joto kwanza ili gundi iachie, kama mtu anayebandua bendeji. Nikipita mtaani nikasikia ile harufu ya spiriti kutoka zahanati, nasimama kidogo, nikijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Sasa turudi kwenye yale majaribio na mlango wake wa siri, maana ndio mliouliza.

Kila simu, kabla haijatiwa kwenye boksi, hujaribiwa kiwandani. Wanaangalia kama kioo kinatoa rangi zote, kama inatetemeka, kama spika inalia, kama kamera inaona. Ikiuzwa, ule mlango wa majaribio hauondolewi, unafichwa tu. Nyingine unaingia kwa kupiga nyota na alama ya reli na namba fulani. Nyingine, hasa hizi za bei nafuu, unaingia kwa kushika kitufe cha kuwasha pamoja na kile cha kupunguza sauti wakati inawaka. Sisi mezani tulisema simu imerudi kiwandani. Haiumwi. Inadhani bado ipo kwa mafundi wa kwao, na inangoja iambiwe majaribio yamekwisha.

Kuna kijana wa Ntinda, mtu wa suti, aliona namba za nyota na reli mtandaoni, zimeandikwa kwamba zinaongeza kasi. Akapiga. Simu ikageuka nyekundu kioo kizima, ikageuka kijani, ikageuka bluu, ikaanza kutetemeka na kulia yenyewe mezani. Aliniletea siku tatu baadaye, na kabla yangu ilikuwa imeshaombewa na kupakwa mafuta. Nilishika kitufe cha kurudi nyuma, nikakiachia, simu ikatoka kiwandani ikaja nyumbani. Mafuta ndiyo yaliyonipa kazi, kwa sababu yalikuwa yameingia kwenye tundu la chaji.

Hiyo ni ya kucheka. Nyingine si ya kucheka, nayo ndiyo hasa ninayotaka muikumbuke.

Katika zile zinazoingia kwa vitufe, unapata orodha ya Kichina, maandishi madogo meupe juu ya weusi. Kitufe cha sauti kinasogeza mstari, kitufe cha kuwasha kinachagua. Mstari wa chini kabisa kwa kawaida ni wa kuzima na kuwasha upya. Lakini juu yake kidogo pana mstari unaofuta kumbukumbu yote ya simu, na haukuulizi mara mbili. Ukiuchagua, picha, namba, sauti, vyote vimekwenda, hata ukilia machozi ya damu. Fundi asiyesoma Kichina anabahatisha, na wengi wetu Kichina tulikijua kwa umbo tu.

Muhindo alikuja asubuhi. Alikuwa dereva wa boda, kijana wa makamo, Mkongo wa upande wa Rutshuru. Alisimama mbele ya meza akiwa ameikumbatia helmeti yake, na simu ameishika kwa vidole viwili kana kwamba inachoma.

"Jambo, mama," alisema. "Simu inaonyesha maandiko ya Bashinwa. Tafazali, usifute kitu. Mafundi ba kule chini banataka kuiweka mu kompyuta, nikaikimbiza."

"Keti kwanza," nilimwambia. "Ndani yake kuna nini?"

"Namba ya dada yangu."

Nikamwuliza kama hakuiandika mahali. Akatikisa kichwa, kisha akanieleza, na alieleza polepole sana akitazama helmeti. Yeye na mdogo wake Kavira walipotezana njiani walipokuwa wakikimbia vita. Miaka ikapita. Aliuliza kambini, aliuliza makanisani, alituma ujumbe kwa kila dereva wa lori aendaye mpakani. Namba yake aliigawa kwa watu wengi hata akasahau ni nani na nani. Na jana mchana, akiwa amembeba abiria, simu ikalia, sauti ya mwanamke ikamwita jina la nyumbani, jina ambalo hapa Kampala hakuna anayelijua.

"Alisema, ni mimi Kavira, nimelomba simu ya mama moja," alisema Muhindo. "Makelele ilikuwa mingi mu barabara, sikusikia muzuri. Nikasukuma simu ku sikio, nikasukuma sana. Njo ikakatika. Nikisimama, naona Bashinwa."

Namba ile haikuwa na jina, na ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye orodha ya simu zilizoingia. Orodha hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya simu, haikai kwenye laini. Nilimwuliza kwa nini asiende kwa wenye mtandao wamtolee. Alikwenda. Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la jirani yake wa zamani, ambaye alishahamishiwa nchi za mbali, na dirishani walimtaka mwenye jina. Kwa hiyo yote yalikuwa ndani ya kile kioo cheusi, na mtu yeyote angebonyeza vibaya, Kavira angepotea mara ya pili.

Sitawadanganya, niliogopa. Nilitamani Papa Dunia awe hai, anifukuze pale kitini akae yeye.

Jambo la kwanza nililofanya ni kutoa laini. Muhindo aliruka.

"Mama, ukitosha laini, namba si itaenda?"

"Haiendi. Naiweka kwenye simu yangu ndogo hii, ikae hapa mezani. Dada yako akipiga tena, tutamsikia."

Hilo nalo liwekeni akilini. Mtu anayengoja simu msimwache bila laini yake hata saa moja. Ile simu ndogo ikakaa kati yetu, na kila mara tuliitupia jicho, yeye na mimi, tukijifanya hatuitazami.

Kisha nikaitazama yake. Kava lenyewe lilikuwa limeshatoka. Orodha ya Kichina ilikuwa pale, lakini haikutulia. Mstari ulikuwa unashuka wenyewe. Sikuwa nimegusa kitu. Unashuka mmoja, unatulia, unashuka miwili, unafika chini, unarudi juu. Maana yake ni kwamba hata ningejua Kichina cha shuleni, ningeweka kidole kwenye kitufe cha kuwasha ili nichague mstari wa chini, na kabla sijabonyeza mstari uwe umehamia kwenye ule wa kufuta.

Meza ya jirani aliketi Ssalongo, baba wa mapacha, Muganda mwenye mkono mwepesi kuliko sisi sote na subira ya nzi. Alikuwa ameshainua shingo zamani.

"Nnyabo, wewe nasumbuka bure," alisema. "Reta hapa kwa kompyuta, piga frashi, futa yote, dakika tano kwisha. Mutu nataka simu, si nataka historia."

"Huyu anataka historia, Ssalongo. Simu anaweza kununua nyingine."

"Kare," akasema, akarudi kwenye kioo chake, lakini sikio akaliacha kwangu.

Niliitoa betri bila kuchagua chochote. Betri ikitoka orodha inakufa na hakuna kinachofutwa. Kwa zile zenu ambazo betri haitoki, iacheni iishe chaji yenyewe, hata ikichukua siku nzima, na mteja mpeni kiti. Halafu nikamwuliza Muhindo lile swali: simu inalala wapi?

"Ku kofia," akasema, akaigonga helmeti.

Nikamwambia anionyeshe. Nilimpa simu yangu nyingine, akavaa helmeti, akaichomeka kati ya sikio na sponji kama wafanyavyo wote ili mikono ibaki kwenye usukani. Nikamwambia: haya, sasa usisikie, makelele ni mengi, fanya kama jana. Akaweka kiganja ubavuni mwa helmeti akasukuma. Akasukuma huku amefumba macho, na nikajua kwamba yuko barabarani tena na anamsikia. Sikumharakisha.

Alipovua, nilichungulia ndani. Ukingo mgumu wa helmeti ulikuwa unaangukia barabara juu ya ubavu wa simu, pale penye vitufe viwili. Yeye mwenyewe, katika kumtafuta dada yake kwa sikio, ndiye aliyeshika kitufe cha kuwasha na cha sauti pamoja, kwa nguvu, kwa muda mrefu. Simu ilizima, ikawaka, ikakuta bado ameshika, ikarudi kiwandani. Na kitufe cha sauti kikabaki kimezama. Sikumweleza hivyo wakati ule. Nilimwambia tu kwamba kofia imebana kitufe, basi.

Nikaifungua. Kipande cha plastiki cha sauti kilikuwa kimeingia chini ya fremu, nikakivuta kwa kibanio. Nikarudisha betri, nikawasha. Ikatetemeka, Kichina kikarudi. Muhindo akainama akashika kichwa. Ssalongo akakohoa.

Hapo ndipo wengi wenu mngekata tamaa mkaiita ya kompyuta. Mimi nikakumbuka ile sidiria ya mama wa zamani. Helmeti ni jasho, na jasho ni chumvi. Nikatoa betri tena, nikaweka lenzi jichoni, na kweli, chini ya kile kitufe kidogo kabisa cha ndani palikuwa na ukoko wa kijani. Kilikuwa kinagusana chenyewe hata bila kubonyezwa. Nikatia spiriti, nikasugua kwa mswaki uliokatwa nywele, nikatia tena, nikasugua tena. Halafu nikaiweka dirishani juani, nikakunja mikono.

"Sasa tunafanya nini?" Muhindo akauliza.

"Tunangoja ikauke. Ikiwashwa mbichi itarudi kulekule."

Kungoja kule ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya mezani. Nikamwagizia chai, hakuinywa. Nikamwuliza Kavira alikuwa mtoto wa namna gani, akasema alikuwa anapenda kubishana, na kwamba aliwahi kumsusia siku mbili kwa sababu ya kuku. Akacheka kidogo, nami nikawa napuliza simu kwa mdomo japo najua haisaidii kitu.

Ilipokauka sikurudisha plastiki ya sauti. Niliiacha kando, pasiwe na kitu chochote cha kusukuma pale. Nikatia betri. Nikabonyeza kitufe cha kuwasha kwa ncha ya ukucha, nikakiachia mara moja.

Giza. Halafu alama ya kampuni. Halafu ule muziki wao wa kuwaka, mbaya kuliko yote duniani, na nikaupenda.

Muhindo alichora mchoro wake wa kufungulia, akakosea, akachora tena. Orodha ya simu zilizoingia ikafunguka, na juu kabisa palikuwa na namba isiyo na jina, ya jana mchana. Kabla ya kufanya lolote niliinakili kwenye simu yangu ndogo, kisha nikaiandika kwa kalamu kwenye kiganja cha Muhindo. Hakuona tabu. Aliushika ule mkono kwa mkono mwingine.

"Piga," nikamwambia.

"Piga wewe, mama. Mimi niko naogopa. Kama banasema hayuko, useme wewe."

Nikapiga kwa simu yangu ndogo, yenye laini yake. Ikaita sana. Mwanamke akapokea, nyuma yake kuku na malori.

"Alo? Ni nani?"

Nikamwambia niko Kampala, kwamba jana kuna msichana aliomba simu hii akapiga.

"Kaka yake njo amekutuma?"

"Mimi ni fundi wa simu. Kaka yake yuko hapa mbele yangu. Wewe uko wapi?"

"Niko Bunagana, ku mupaka, nauzishaka vocha. Mama, uyu mutoto atanimaliza. Jana alikaa hapa hadi nikafunga. Leo nakuja kufungua, namukuta ku mulango. Anasema kaka yake atapiga. Ngoja, namupatia."

Nilimpa Muhindo simu. Akaiweka sikioni, akaanza kuisukuma. Ujia wetu una kelele zake, kila fundi anajaribu spika na kila spika ina wimbo wake. Ssalongo akasimama. Alipita meza hadi meza akizima spika za watu bila kuwaomba ruhusa, na mwenye kufungua mdomo alitazamwa jicho moja tu akaufunga. Ujia ukawa kimya kiasi kwamba tulisikia feni.

Nikaushika mkono wa Muhindo, nikauondoa polepole kwenye simu ili asiibane.

"Sema tena, Kavira," alisema. "Sasa nakusikia."